Matumbawe, wageni na wavuvi: bahari ikifungwa, nani anakula?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na semina ya wachungaji Dar es Salaam, na ilipokwisha, sisi wanne tuliotoka Kivu tukavuka kwenda Zanzibar kwa siku mbili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari kwa ndani. Tulikodi mashua, tukapewa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, tukaingia. Mimi niliyekulia kando ya Ziwa Kivu nilidhani nayajua maji. Nilipochoka nikatafuta jiwe, nikasimama juu yake ili nipumzike. Nahodha akapiga kelele: “Mchungaji, toka hapo! Unakanyaga kitu kinachoishi!”

Nilipotazama chini, matawi ya lile “jiwe” yalikuwa yamevunjika kama vijiti vya chaki. Niliona aibu. Lakini pia nilijiuliza kwa nini hakuna aliyetueleza jambo hilo kabla hatujaingia majini. Tulikuwa tumelipa, tumepewa vifaa, tumepigwa picha, na neno moja la maonyo halikutoka mpaka uharibifu ulipokwisha kufanyika.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza. Naandika kwa sababu wengi wetu siku hizi hufika pwani: wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dar es Salaam na Mombasa, wanafunzi, watu wa semina, na familia ambazo nusu yake iko Ulaya au Marekani na zinachagua Zanzibar kuwa mahali pa kukutania.

Tumbawe ni nini

Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni kundi la wanyama wadogo sana walioshikana, kila mmoja na mdomo wake uliozungukwa na mikono laini, na pamoja hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenye nyumba. Rangi nyingi tunazozishangaa zinatoka kwa wapangaji hao. Kwa hiyo matumbawe yanayojenga miamba hutaka maji ya chumvi, ya uvuguvugu, na safi kiasi cha jua kupenya.

Yale yenye matawi yanaweza kukua mpaka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, yanayofanana na mawe makubwa, mara nyingi hayazidi sentimita moja au mbili. Tumbawe la namna hiyo lenye kimo cha mtu mzima huenda lilianza kukua kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Anayelibomoa kwa nanga hutumia sekunde chache.

Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaojulikana huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Huko samaki wadogo hujificha, pweza hukaa kwenye mashimo, na kamba hukua. Mwamba huvunja pia nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukikwangua chokaa ya ukutani, utakuta umejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale.

Kila kiumbe hapo kina kazi. Waswahili wa pwani husema mtu amelala usingizi wa pono. Huyo pono ni samaki wa matumbawe, na akiamka ni mchapakazi: hukwangua mwani kwa meno yake magumu, na chokaa anayoimeza humtoka ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga ule mzuri wa ufukweni imepita tumboni mwa pono. Kikande naye hula viumbe wenye miiba mirefu wanaotafuna mwamba. Watafiti waliofanya kazi kwenye miamba ya Kenya walionyesha kwamba kikande wakivuliwa mno, wenye miiba huongezeka na mwamba unaanza kuliwa kuliko unavyojengwa. Kumbe kuondoa samaki wa aina moja kunaweza kubomoa nyumba ya wote.

Kufunga bahari ni rahisi kwenye karatasi

Baruti iliharibu sana pwani ya Tanzania. Mvuvi hurusha bomu, samaki wanaelea, na mwamba unabaki kifusi. Sheria iliikataza tangu mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kusikika kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipofanya misako mikali katika miaka ya hivi karibuni. Juya na kokoro linaloburutwa chini nalo lina madhara yake.

Serikali zilianza kutenga maeneo. Kenya ilifungua njia kwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Tanzania ilitunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikatangaza ile ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina hiyo nchini humo.

Sisi watu wa maziwa tunajua ugumu ulipo. Nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili ndakala na mikebuka wapate nafasi ya kuzaa. Wataalamu wa samaki walifurahi. Lakini mama wa Uvira au Kalemie ambaye maisha yake yote ni kukausha ndakala na kuuza, aliuliza swali moja tu: watoto watakula nini mpaka Agosti? Ni swali la haki. Kwa maoni yangu, mpango wo wote wa kulinda maji ambao haulijibu utavunjwa usiku, na mvunjaji hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa baba mwenye njaa nyumbani.

Hapo ndipo utalii unapoweza kusaidia, au kuwa jina zuri tu. Mgeni anayelipa kuona samaki hai anaweza kumlisha yule aliyeacha kumvua. Lakini lazima fedha yake imfikie huyo, na lazima mgeni mwenyewe asiharibu zaidi ya alivyolipa.

Chumbe

Mfano ambao nimeusoma kwa makini kuliko mingine ni Chumbe, kisiwa kidogo chenye urefu wa kilomita moja hivi, kiasi cha kilomita 12 kusini-magharibi ya Mji Mkongwe. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa kale. Upande wa magharibi wa kisiwa wavuvi hawakuvua sana, kwa sababu eneo lilikuwa karibu na njia ya meli za Dar es Salaam na karibu na sehemu ya jeshi. Mwamba wake ulibaki mzima wakati mingine ya jirani ilikuwa imechoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller, aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo, aliiomba serikali ya Zanzibar ilinde mahali hapo, na kampuni aliyoianzisha ikabidhiwe usimamizi. Serikali ilikubali, na mwaka 1994 mwamba na msitu wa kisiwa vikatangazwa kuwa hifadhi. Ilikuwa jambo geni: eneo la bahari linalolindwa chini ya uendeshaji wa watu binafsi, kwa mapato ya wageni. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, uliipa Chumbe tuzo ya Global 500.

Kuna nyumba saba za wageni tu. Mtu wa biashara angeuliza kwa nini zisiwe sabini, na jibu liko katika maji. Kisiwa hakina chemchemi wala kisima cha maji matamu. Paa la kila nyumba hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi chini ya sakafu. Mvua ikikosa, wageni hawana cha kuogea. Vyoo havitumii maji, hugeuza taka kuwa mboji, hivyo hakuna uchafu unaotiririka kwenye matumbawe. Maji ya kuoga huchujwa na kuishia kwenye bustani ya mimea. Umeme ni wa jua. Hoteli kubwa inayomwaga maji machafu baharini inaweza kuuwa mwamba bila mgeni hata mmoja kuugusa, maana uchafu hulisha mwani na mwani huyafunika matumbawe.

Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa hakuruhusiwi kwa wageni. Wanaogelea juu kwa mrija, wakiongozwa, na kuna mabango ya maelezo yanayoelea majini.

Lililonigusa zaidi ni habari ya walinzi. Wale wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa kutambua matumbawe na samaki kwa majina ya kitaalamu, kupokea wageni, na kuandika kila wanachokiona. Hawana silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, mlinzi humwendea kwa mashua na kuzungumza naye, mara nyingi kama mtu anayemjua. Humweleza kwamba samaki wanaokua ndani hawajui mpaka, wakizidi watatoka nje, na huko atawavua. Mlinzi mwenye bunduki angeogopwa mchana na kudanganywa usiku. Mlinzi aliyewahi kutupa ndoano mahali pale pale husikilizwa, ingawa si kila siku.

Mapato ya wageni yamelipia pia safari za wanafunzi. Maelfu ya watoto wa Zanzibar wamepelekwa Chumbe bila kulipa, wakavalishwa makoti ya kuelea na kuonyeshwa mwamba. Utashangaa kujua kwamba wengi wao, hasa wasichana, wanaishi kando ya bahari lakini hawakuwahi kujifunza kuogelea wala kutazama chini ya maji. Wageni kutoka Ulaya walikuwa wameyaona matumbawe yao kabla yao.

Mtu anaweza kusema kwamba Chumbe ni ya matajiri, na kweli kulala pale hakulingani na mfuko wa pasta wa Bukavu. Kwa hiyo niongeze mfano wa Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Huko hakukuwa na kampuni. Wavuvi wenyewe waliona samaki wanazidi kupungua, na mwaka 2005 wakakubaliana kuacha kuvua kwenye eneo la hekta 30 hivi. Wazee wengine walipinga, maana hakuna aliyefurahi kuambiwa asivue mahali baba yake alipovua. Samaki walirudi, wageni wakaanza kuja kuwatazama, na ada yao huingia katika mfuko wa jamii. Ni mpango wa kijiji, wenye mabishano ya kijiji, na kwetu unaweza kuigwa kuliko ule wa kisiwa.

Utalii unapoharibu

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023. Wengi wao hutaka kuingia baharini angalau mara moja, na si wote wanaopelekwa na watu kama wale wa Chumbe.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ni mfano wa baraka iliyopata kasoro. Zamani wavuvi wa huko waliua pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha papa. Kuanzia miaka ya 1990 waligundua kwamba pomboo hai analeta fedha zaidi, na wakaacha kuwinda. Hilo ni jema kabisa. Lakini asubuhi moja mashua nyingi zinaweza kulizunguka kundi moja, zikilikimbiza na kulikata njia ili wageni waruke majini. Watafiti wamepima na kuona kwamba mashua zikizidi, pomboo hupumzika kidogo na kula kidogo. Nahodha anajua. Ila mgeni amelipia picha, na nahodha asiyeipata picha hapewi bakshishi.

Kwenye miamba ya Mnemba, kaskazini-mashariki, tatizo ni msongamano, na pia kiti cha pweza. Huyu ni kiumbe mwenye mikono mitano, mwekundu na mzuri machoni. Watu humtoa majini, wanamweka kichwani au kifuani, wanapiga picha, wanamrudisha. Hupumua kwa maji, hivyo muda ule wa picha anakabwa. Wapo wanaomwaga mkate majini ili samaki wakusanyike, na samaki aliyezoea mkate huacha kukwangua mwani, kazi ambayo mwamba unamhitaji aifanye.

Halafu kuna makombe. Hapa najikosoa mara ya pili, kwa sababu nilirudi nyumbani na kombe kubwa la kupambia meza ya ofisi. Makombe yanayouzwa sokoni kwa kawaida hayaokotwi ufukweni yakiwa matupu. Mnyama huchukuliwa akiwa hai, kisha huchemshwa. Konokono mkubwa wa baharini ambaye ganda lake hupulizwa kama baragumu ni mmoja wa wachache wanaomla yule kiti cha pweza mwenye miiba mingi anayekula matumbawe. Ukinunua ganda lake umempunguzia mwamba mlinzi. Tena matumbawe magumu yako kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kukuletea taabu na watu wa forodha. Vitu vilivyotengenezwa kwa gamba la kasa ndivyo usivyopaswa kuvigusa kabisa.

Ukienda

Maswali ya maana huulizwa kabla ya kulipa. Mwulize mwenye mashua atafunga wapi: kwenye boya, au atatupa nanga? Nanga ikitupwa juu ya mwamba kila siku, mwaka mzima, mahali pale hapabaki kitu. Mwulize kama atawaeleza watu namna ya kuogelea kabla ya kuingia. Akicheka, tafuta mwingine. Mwulize anatoka kijiji gani, na ada ya hifadhi inalipwa wapi, dai stakabadhi. Bei ya chini kuliko zote ufukweni mara nyingi ni ya yule asiyelipa ada hiyo.

Kama hujui kuogelea vizuri, vaa koti la kuelea bila kuona haya. Kama ningelivaa siku ile, nisingetafuta mahali pa kusimama. Ukichoka, lala chali juu ya maji, au ita mashua. Fahamu kwamba viatu vya mapezi huongeza urefu wa mguu. Ukifikiri uko mbali na mwamba, ncha yake inaweza kuwa imeshaugusa.

Kuhusu mafuta ya kujikinga na jua: Palau mwaka 2020 na Hawaii mwaka 2021 walianza kukataza yenye kemikali fulani, hasa oksibenzoni. Wataalamu bado wanajadiliana ukubwa wa madhara yake nje ya maabara. Shati la mikono mirefu linamaliza mjadala, na ni la bei nafuu.

Ukimwomba nahodha akae mbali na pomboo, mwambie pia kwamba bakshishi yake haitapungua. Bila sentensi hiyo ya pili, ya kwanza inamgharimu yeye peke yake. Vivyo hivyo Mafia, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi watu huenda kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu. Hapaswi kuguswa wala kukatiwa njia.

Kuna jambo ambalo utalii hauwezi. Maji yakipata joto kuliko kawaida kwa majuma kadhaa, matumbawe huwafukuza wale wapangaji wao, yanabaki meupe, na joto likiendelea yanakufa kwa njaa. Mwaka 1998 upande huu wa Bahari ya Hindi uliumia sana kwa namna hiyo. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la matumbawe kuwa meupe kila upande. Hakuna mlinzi wa Chumbe anayeweza kulizuia joto, na ndege zinazoleta wageni ni sehemu ya wanaolisababisha. Kinachojulikana ni kwamba mwamba wenye samaki wake na maji safi una nafasi nzuri zaidi ya kupona baada ya joto kuliko ule ambao tayari umevunjwa na kuvuliwa mpaka mwisho.

Tena wageni hawana uhakika. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, maeneo yaliyotegemea fedha yao peke yake yalijikuta hayana kitu, na mishahara ya walinzi haingoji viwanja vifunguliwe. Kijiji kinachokula kwa utalii tu kimehama kutoka njaa moja kwenda kwenye hatari nyingine. Kuruwitu wanaendelea kuvua nje ya mpaka wao, na naona wana hekima.

Kongo yetu haina miamba ya matumbawe. Pwani yetu ya Muanda ina urefu wa kilomita 40 hivi tu, na mto wetu mkubwa humwaga hapo maji matamu yenye tope ambayo tumbawe haliyawezi. Lakini kuna mikoko, kuna nguva, na kasa hupanda kutaga mayai mchangani. Hifadhi ya Bahari ya Mikoko ilianzishwa huko mwaka 1992. Wageni wanaofika ni wachache. Wakianza kuongezeka, wavuvi wa Muanda watakuwa na swali lile lile la mama wa Uvira. Na lile kombe bado liko ofisini kwangu. Wageni wakilisifu, ninawaeleza lilivyochemshwa.